Zile ajira milioni mbili na nusu "zilizofichwa" Januari: namna ya kusoma takwimu za ajira ambazo hazijarekebishwa kimsimu

Kila ikifika mwanzoni mwa mwaka kuna picha ya jedwali huwa inaanza kuzunguka mitandaoni, jedwali la serikali ya Marekani kabisa, mtu kaizungushia namba moja duara jekundu na juu yake kaandika maneno yaleyale ya mwaka jana na mwaka juzi: wanawaambia ajira zimeongezeka, kumbe zimepungua kwa mamilioni, someni wenyewe. Na ukienda kusoma unakuta kweli namba ipo. Haijaghushiwa, haijatolewa kwenye blogu ya mtu, iko kwenye ripoti rasmi. Hapo ndo wengi wanapotea, na siwalaumu hata kidogo, kwasababu namba mbili zinazosema vitu vinavyopingana kwenye karatasi moja ni jambo la kumshtua mtu yeyote mwenye akili zake.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni wa Januari 2023. Ijumaa ya tarehe 3 Februari mwaka ule Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, ile wengi wanaiita BLS, ilitangaza kwamba ajira nje ya sekta ya mashamba zimeongezeka 517,000 kwa mwezi mmoja tu (namba hiyo baadaye ilishushwa kidogo, nitaeleza huko mbele kwanini). Kiwango cha ukosefu wa ajira kikashuka kutoka asilimia 3.5 hadi 3.4, kikawa kiwango cha chini kabisa tangu 1969. Habari njema tupu. Sasa ukihamisha macho kwenye ripoti ileile ukaangalia safu za namba zisizorekebishwa, ajira zilipungua karibu milioni 2.5, na kiwango cha ukosefu wa ajira kikapanda kutoka asilimia 3.3 hadi 3.9. Mwezi uleule, nchi ileile, watu walewale waliohojiwa.

Zote mbili ni za kweli. Zinajibu maswali mawili tofauti, na ukishajua swali la kila moja, lile duara jekundu halikusumbui tena.

Tuanze na maneno. Msimu kwenye takwimu hauna maana ya kiangazi na masika peke yake. Ni kitu chochote kinachojirudia kila mwaka, kipindi kilekile, kwa ukubwa unaokaribiana: hali ya hewa ndiyo, lakini pia sikukuu, shule kufunga na kufunguliwa, mavuno, hata namna makampuni yanavyofunga mahesabu ya mwaka. Namba isiyorekebishwa kimsimu ni makadirio ya hali ilivyokuwa mwezi ule, msimu na kila kitu chake ndani. Watu wangapi walikuwa kwenye orodha za mishahara, basi, ndo hiyo. Namba iliyorekebishwa ni ileile ya kwanza, ila imetolewa kile kiasi ambacho kwa kawaida mwezi huo huwa unakileta au unakiondoa, ili kinachobaki kionyeshe kama uchumi wenyewe unapanda au unashuka.

Fikiria bahari. Umesimama pwani maji yamejaa, ukachomeka kijiti pale maji yalipoishia. Ukarudi baada ya saa sita, maji yamepwa, kijiti kiko peke yake mchangani na maji yako mbali huko. Ukipima umbali wa kutoka kijiti hadi maji utapata namba sahihi kabisa, hakuna wa kukubishia, maji kweli yameondoka. Lakini ukitoka hapo ukatangaza kwamba bahari inakauka, umekosea, na kosa haliko kwenye kipimo, liko kwenye kulinganisha maji kujaa na maji kupwa. Anayetaka kujua kama bahari inapanda mwaka hadi mwaka atalinganisha kujaa na kujaa, kupwa na kupwa, na akiwa makini atalinganisha bamvua na bamvua (zile siku maji yanajaa kuliko kawaida), kwasababu maji ya bamvua na maji mafu, yale ya siku yanapojaa kidogo, hayafiki sehemu moja. Namba isiyorekebishwa ni hicho kijiti. Namba iliyorekebishwa ni ya mtu anayeijua ratiba ya maji, anakwambia saa hizi maji yalitakiwa yawe pale, ila leo yako hatua mbili juu zaidi ya ilivyozoeleka.

Sasa Marekani maji yao ya ajira yanajaa na kupwa vipi? Kuanzia Oktoba hadi Disemba maduka yanaajiri watu wa kusaidia msimu wa sikukuu, maghala yanaajiri wa kufungasha na kupakia, kampuni za kusafirisha vifurushi zinaajiri madereva. Januari wale wote hawahitajiki tena, wanaondoka karibu kwa pamoja. Juu yake inaongezeka baridi, mikoa ya kaskazini ujenzi unapungua, udongo umeganda, zege halishiki vizuri, mafundi wanakaa nyumbani. Ndo maana karibu kila Januari, iwe mwaka wa neema au mwaka wa kawaida, namba isiyorekebishwa inashuka kwa kati ya milioni 2.5 na milioni 3 hivi. Kila Januari. Anayeweka duara jekundu mwaka huu angeweza kuliweka mwaka jana na mwaka juzi palepale.

Halafu inakuja Juni, wanafunzi wanafunga shule na vyuo, wanamiminika kutafuta kazi za likizo, na kwa tafsiri ya BLS mtu asiye na kazi, aliye tayari kufanya kazi, na aliyetafuta kwa vitendo ndani ya wiki nne zilizopita anahesabiwa kuwa hana ajira. Kwahiyo kijana ambaye Aprili alikuwa darasani na hakuhesabika popote, Juni anaingia kwenye hesabu ya wasio na ajira hata kama hakuna kampuni hata moja iliyofukuza mtu. Kiwango kinapanda chenyewe. Julai nako upande wa shule za serikali za mitaa zaidi ya watu milioni moja wanatoka kwenye orodha za mishahara, madereva wa mabasi ya shule, wapishi, wasaidizi wa darasani, halafu shule zikifunguliwa wanarudi. Hakuna anayeandika habari kwamba sekta ya elimu imeporomoka, kwasababu kila mtu anajua likizo ni likizo. Cha ajabu Januari hatuipi huruma hiyohiyo.

Nataka hesabu yenyewe tuione kwa karibu, maana watu wengi wanadhani ni uchawi wa kwenye kompyuta. Tuseme kuna kampuni moja ya kubuni, tunaijua kwa miaka mingi, na tumeona kwamba kila Disemba wafanyakazi wake huwa ni kama asilimia 110 ya kiwango chake cha kawaida cha mwaka, na kila Januari huwa ni kama asilimia 95. Disemba hii wafanyakazi waliohesabiwa ni 1,155. Gawa kwa 1.10, unapata 1,050. Januari waliohesabiwa ni 1,007. Gawa kwa 0.95, unapata 1,060. Kwahiyo kwa kuhesabu vichwa kampuni imepoteza watu 148, na kwa namba iliyorekebishwa imeongeza 10. Hakuna aliyedanganya. Kama ingekuwa Januari ya kawaida, kampuni ya watu 1,050 ingeshuka hadi 997 au 998, yani ingepoteza zaidi ya 150. Imepoteza pungufu ya hapo. Hiyo tofauti ndogo ndiyo inayotokea kwenye habari kama "ajira zimeongezeka".

Rudisha sasa kwenye Januari 2023. Kwa mazoea msimu ulikuwa uondoe kama ajira milioni 3. Ukaondoa milioni 2.5. Hapo katikati ndo ilipotoka ile nusu milioni. Ukiwaza hivyo utaona kwamba sentensi sahihi ya mwezi ule ingekuwa ndefu kidogo: waajiri waliwaachia watu wachache kuliko wanavyowaachia Januari nyingine. Mimi binafsi naona vyombo vya habari vingekuwa vinaiandika hivyo, hata kama inachukua mstari mmoja zaidi, maana "waajiri wameongeza wafanyakazi nusu milioni Januari" inampa msomaji picha ya watu nusu milioni wakisaini mikataba wiki ile, na picha hiyo haikutokea.

Zile asilimia za 110 na 95 hawazitoi kichwani. Zinatafutwa kwa kuangalia miaka ya nyuma ya kila mfululizo wa namba, sekta kwa sekta, na kompyuta ndo inatenganisha mwelekeo wa muda mrefu, mzunguko wa msimu, na yale mayumbo madogo yasiyo na mpangilio. Programu inayotumika inaitwa X-13ARIMA-SEATS, inatunzwa na Ofisi ya Sensa ya Marekani, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua bure akajaribu. Asili yake ni njia iliyoitwa X-11 ya mwaka 1965, kazi ya Julius Shiskin na wenzake hapohapo Ofisi ya Sensa, halafu watu wa takwimu wa Kanada wakaiongezea, na baadaye ikaunganishwa na njia iliyotengenezwa Benki Kuu ya Hispania. Nayataja haya kwasababu kuna wanaosema marekebisho ya kimsimu yamebuniwa juzi na wanasiasa kupendezesha namba. Ni ufundi wa miaka zaidi ya hamsini, umejengwa kwenye nchi kadhaa, na kanuni zake ziko wazi.

Sasa namba isiyorekebishwa inasomwaje?

Kanuni ni moja na ni rahisi: usiilinganishe na mwezi uliotangulia, ilinganishe na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Januari na Januari. Julai na Julai. Kujaa na kujaa.

BLS wenyewe wameshakuandalia. Fungua ripoti yao ya kila mwezi, nenda jedwali linaloitwa A-1, lile la kaya (ripoti inatokana na tafiti mbili, moja inahoji kaya, nyingine inauliza waajiri). Upande wa kushoto kuna safu tatu za namba zisizorekebishwa: ya kwanza ni ya mwezi huuhuu mwaka jana, ya pili ni ya mwezi uliopita, ya tatu ni ya mwezi wa sasa. Upande wa kulia ndo zinaanza zilizorekebishwa, nazo ni nyingi zaidi kwasababu zenyewe unaruhusiwa kuzisoma mwezi baada ya mwezi. Kwahiyo kwenye zile tatu za kushoto jicho lako liruke kutoka ya tatu hadi ya kwanza. Yule wa duara jekundu anachofanya ni kutoka ya tatu kwenda ya pili, hatua moja tu ya macho, na hapo ndo upotoshaji wote unapoingia, mara nyingi bila hata nia mbaya. Jedwali B-1 la waajiri nalo limepangwa karibu hivyohivyo, ila lenyewe safu za kushoto ni nne, na ya mwaka jana bado ni ya kwanza, na ukiona herufi p imekaa pembeni ya namba maana yake ni ya awali, bado itaguswa.

Na kuna jaribio zuri unaweza kulifanya mwenyewe bila kumuamini mtu. Chukua ajira zisizorekebishwa za mwezi wowote, toa za mwezi huohuo mwaka mmoja nyuma. Halafu fanya hivyohivyo kwa namba zilizorekebishwa. Utapata majibu yanayokaribiana sana. Marekebisho ya msimu yanahamisha tu ajira ndani ya mwaka, yanapunguza huku yanaongeza kule, mwisho wa miezi 12 yamefutana. Kama kungekuwa na mtu anatengeneza ajira hewa kupitia marekebisho hayo, zingeonekana hapo, kwasababu pengo lingekuwa linakua kila mwaka.

Njia hii ya mwaka kwa mwaka ina udhaifu wake na lazima niuseme. Inachelewa. Uchumi ukigeuka ghafla mwezi wa nne, ukilinganisha na mwezi wa nne wa mwaka jana bado unabeba miezi mingi mizuri ndani yake, inaweza kukuonyesha ongezeko wakati watu wameshaanza kufukuzwa. Anayetaka kujua kilichotokea mwezi huu tu hana namna, itabidi aitumie iliyorekebishwa. Na kingine, sikukuu nyingine zinahama, Pasaka inaweza kuwa Machi mwaka huu na Aprili mwaka unaofuata, kwahiyo hata Machi na Machi hazifanani kila mara. Utafiti wenyewe unauliza kuhusu kipindi chenye tarehe 12 ya mwezi, na kati ya tarehe 12 moja na nyingine wakati mwingine wiki ni nne na wakati mwingine tano, nayo hiyo ina uzito wake, BLS wanairekebisha upande wa waajiri.

Kuna sehemu ambazo namba isiyorekebishwa ndiyo pekee utakayoipata, na hapa ndo nawaomba watu muwe makini kweli. Namba za ukosefu wa ajira za kaunti moja moja hutolewa bila marekebisho ya kimsimu. Ule mkusanyo mkubwa wa kila robo mwaka unaotokana na kumbukumbu za bima ya ukosefu wa ajira, unaogusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira za Marekani, nao msingi wake ni bila marekebisho. Na ndani ya ripoti ya kila mwezi, majedwali ya waliowahi kuwa jeshini, ya watu wenye ulemavu, na ya wazaliwa wa nje ya nchi, yote hayajarekebishwa. Sasa fikiria mtu anachukua wazaliwa wa nje, analinganisha Disemba na Januari, au Juni na Agosti, anaandika makala kwamba wahamiaji wamechukua kazi kadhaa au wamekimbia nchi kwa idadi fulani. Anachopima sehemu kubwa ni msimu, pamoja na mayumbo ya sampuli ndogo. Kichwa cha jedwali kinasema wazi kabisa kwamba namba hizi hazijarekebishwa, lakini kichwa cha jedwali ndicho kitu cha kwanza kukatwa mtu anapopiga skrinishoti.

Tena sio kwamba kutorekebisha ni upungufu. Kuna maswali ambayo jibu lake zuri ni namba isiyorekebishwa. Kila Agosti BLS wanatoa ripoti ya ajira za vijana wakati wa likizo, wanalinganisha Aprili na Julai, kwa namba zisizorekebishwa, na ni sawa kabisa, kwasababu wanachotaka kukijua ni huohuo msimu: vijana wangapi walipata kazi likizo. Ukiuondoa msimu umeondoa swali. Anayepanga bajeti ya kulipa mafao ya wasio na ajira naye anahitaji idadi ya watu watakaosimama mlangoni mwezi wa kwanza, watu wa kweli, mafao hayalipwi kwa vichwa vilivyorekebishwa. Hata nje ya ajira utaona kitu hichohicho: nyongeza ya kila mwaka ya malipo ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani inakokotolewa kwa fahirisi ya bei isiyorekebishwa kimsimu, wanachukua Julai hadi Septemba mwaka huu na Julai hadi Septemba ya nyuma. Kujaa na kujaa, tena.

Maneno yanayorudiwa sana

La kwanza, kwamba namba isiyorekebishwa ndiyo "namba mbichi, haijaguswa". Hapana. Nayo ni makadirio. Ya kaya inatoka kwenye sampuli ya kama kaya 60,000, ya waajiri inatoka kwa waajiri zaidi ya 100,000, na zote zinapewa uzito ili ziwakilishe nchi nzima. Upande wa waajiri kuna hata makadirio ya kampuni mpya zilizofunguliwa na zilizokufa ambazo sampuli haijazifikia bado, na makadirio hayo yanaingizwa kwenye namba isiyorekebishwa, sio kwenye iliyorekebishwa. Utaona mtu anasema ajira mwezi huu zimeongezeka laki moja na kitu, na kati ya hizo laki na zaidi ni za kampuni za kukisia tu, kwahiyo zote ni hewa. Amechukua kipande cha namba isiyorekebishwa akakitoa kwenye namba iliyorekebishwa. Ni kama kutoa lita kwenye kilo. BLS wameonya kuhusu kosa hili mara nyingi na bado linarudi, linarudi hata kwa watu wanaolipwa kuchambua uchumi.

La pili, kwamba marekebisho ya kimsimu yanafuta athari za hali ya hewa. Yanafuta hali ya hewa iliyozoeleka. Baridi ya Januari inayotegemewa inatolewa, lakini dhoruba kubwa ya theluji iliyoangukia wiki ya utafiti, au Januari iliyokuwa na joto lisilo la kawaida, hiyo inabaki ndani ya namba yote. Kwahiyo ujenzi ukionekana umeongeza watu kibao Januari kwenye namba iliyorekebishwa, jiulize kwanza kama baridi ya mwaka huo ilikuja.

La tatu ni kuchanganya marekebisho ya kimsimu na kusahihishwa kwa namba zilizotoka. Haya mawili kwa Kiswahili yanaitwa karibu jina moja na nadhani ndo sababu kubwa ya vurugu kwenye mijadala yetu. Kusahihisha ni pale waajiri waliochelewa kujibu wanapoleta majibu yao, namba ya mwezi uliopita na wa kabla yake inahesabiwa upya, halafu mara moja kwa mwaka inapimwa tena dhidi ya kumbukumbu kamili. Agosti 1, 2025 ilitokea kubwa: ajira za Mei zikashushwa kutoka 144,000 hadi 19,000, za Juni kutoka 147,000 hadi 14,000, jumla ya 258,000 zikaondoka kwenye miezi miwili, na siku hiyohiyo Rais Trump akamfukuza kazi mkuu wa BLS, Erika McEntarfer. Mijadala iliyofuata watu walikuwa wanarusha maneno msimu, masahihisho, upotoshaji, kama kitu kimoja. Uhusiano upo, siukatai: majibu mapya yakiingia, hesabu ya msimu nayo inafanywa upya kwa kutumia data zote zilizopo, na mwezi kama Juni ambao shule zinafungwa ni mgumu kwelikweli, shule zikifunga wiki moja mapema au zikichelewa wiki moja, wafanyakazi wengi wanaangukia upande huu au ule wa tarehe 12. Lakini chanzo kikuu ni majibu yaliyochelewa. Namba isiyorekebishwa nayo ilisahihishwa, haikubaki salama pembeni.

Ila nisije nikaonekana naitetea namba iliyorekebishwa kana kwamba haikosei. Inakosea, na inakosea vibaya zaidi pale ambapo dunia inaacha kufanana na miaka ya nyuma. Angalia 2020. Maombi ya mafao ya ukosefu wa ajira, yale yanayotangazwa kila wiki, yalikuwa yanarekebishwa kwa kugawa, kama tulivyofanya kwenye kampuni yetu ya kubuni. Tuseme wiki fulani kwa mazoea maombi huwa ni asilimia 80 ya kawaida. Wakija watu 200,000 unagawa kwa 0.8 unapata 250,000, umeongeza 50,000, hakuna shida. Sasa wakija watu milioni 3 kwasababu ya janga, unagawa kwa 0.8 unapata milioni 3.75, yani umeongeza watu laki saba na nusu ambao hawapo, wakati wale milioni 3 hawakuja kwasababu ya msimu wowote, wamekuja kwasababu nchi imefungwa. Wizara ya Kazi ya Marekani ikalazimika kubadili, kuanzia takwimu zilizotoka Septemba 3, 2020 ikaacha kugawa ikawa inajumlisha na kutoa kiasi maalum. Miezi ile kabla ya mabadiliko, wachambuzi makini walikuwa wanasoma namba isiyorekebishwa, na walikuwa sahihi. Wimbi likija la ukubwa ule ratiba ya maji haikusaidii, unaangalia maji yenyewe yamefika wapi. Aprili 2020 kiwango cha ukosefu wa ajira kilitangazwa asilimia 14.7 kikiwa kimerekebishwa, na kisichorekebishwa kilikuwa 14.4. Kwenye balaa la namna ile tofauti ya msimu inakuwa haina hata maana.

Kuna jambo moja kwenye mjadala huu naliona linasahaulika, na ndilo lililonifanya niandike. Mtu aliyefungasha mizigo kwenye ghala kuanzia Novemba, akaambiwa wiki ya kwanza ya Januari asirudi tena, huyo yumo kwenye ile milioni 2.5. Kwenye namba iliyorekebishwa hayumo, ametolewa kwa kugawanya, kwasababu kuondoka kwake kulitegemewa. Kwa anayepanga riba za benki kuu hilo ni sahihi, hatakiwi kubadili sera kwasababu Januari imekuwa Januari. Lakini kodi ya nyumba ya yule mtu haina marekebisho ya kimsimu. Mwenye kazi ya kumtafutia mafunzo, au kumpangia msaada, au hata yeye mwenyewe akitaka kujua ni mwezi gani waajiri wanaanza tena kuita watu, akimletea grafu iliyonyooshwa atakuwa amemnyima kitu pekee anachokihitaji. Amletee ile yenye milima na mabonde, ya miaka mitano au kumi, aone kwamba Februari inaanza kupanda, Machi na Aprili zinapanda zaidi, Julai inashuka kwa ajili ya shule, halafu kuanzia Oktoba maghala yanafungua milango tena.

Siku nyingine ile picha ya duara jekundu ikikufikia, nawe una muda, tafuta jedwali lenyewe, angalia juu ya safu imeandikwaje, kisha soma namba ya mwezi kama huo mwaka mmoja nyuma. Kama Januari iliyopita zilikuwepo ajira chache kuliko Januari hii, zimeongezeka. Kama zilikuwepo nyingi kuliko sasa, hapo zimepungua kweli, na hiyo ndo ya kuzungushia duara.